Waya wa Tatu

Langas, Eldoret
Tarehe 3 mwezi wa sita, 2024

Kwako Nasike, binti wa ndugu yangu,

Mulembe. Kabla hujakaa vizuri, ujue barua hii imeandikwa na fundi mkubwa wa redio katika Langas nzima. Wananiletea kutoka kila upande. Juzi mhubiri mmoja aliniletea mashine ya mikutano iliyokuwa imekufa mwaka mzima, nikaigusa kidogo ikanguruma. Sasa keti. Huo ni uongo. Nimefungua redio moja tu tangu nizaliwe, ile ya marehemu baba yako, na tangu niifunge haijakuwa sawa.

Huku tuko wazima. Mideva anakusalimu sana. Goti lake linauma mvua ikikaribia, kwa hivyo siku hizi ndiye anatusomea hali ya hewa, na hakosei kama yule wa runinga. Kuku walikuwa saba, mmoja ameondoka bila kuaga. Mwezi wa tatu tulihama ile nyumba ya karibu na posho mill, sasa tuko plot ya juu, jirani yangu ni Kimeli, yule anachomelea mageti. Nasikia mama yako Joyline huko Moi's Bridge alipanda mapema. Mwambie shemeji yake anamsalimu, hata kama hataitikia.

Utauliza kwa nini sikupigi simu. Mara ya mwisho nilikupigia ukanikatia. Barua haikatwi. Unaweza kuichoma, lakini hiyo inataka mtu atafute kiberiti.

Sasa jambo lenyewe. Ile redio ya baba yako, yenye spika mbili kama makabati. Tulipohama, nyaya zake nene zilibaki zimepigiliwa misumari kwa landlord, akakataa nizing'oe, ati ukuta utaanguka. Nikafunga na waya wa simu alionipa Kimeli, mwembamba kama tambi. Inaimba. Lakini niliweka ile kaseti ya kwaya yao, na Nasike, baba yako hayumo. Kinanda kimo. Akina mama wa kuitikia wamo, upande wa dirisha. Gitaa limo, upande wa mlango. Kiongozi mwenyewe hayupo. Ukitega sikio unampata mbali sana, kama mtu anayeimba kwenye choo cha plot ya pili. Tangu lini Joash Mabonga akanyamaza wengine wakiongea? Hata siku ya mazishi nilichungulia jeneza mara mbili nihakikishe mdomo umefungwa.

Kimeli anasema ni waya. Ati kuna waya za hali ya juu, ukiziweka ni kama mwimbaji amekaa na wewe chumbani. Wewe si unauza vitu kama hivyo dukani huko Luthuli, Nairobi? Nitumie na basi. Nataka akae hapa chumbani, nina maneno mawili matatu ya kumwambia. Namba ya Kimeli iko nyuma ya bahasha, wampigie mzigo ukifika.

Ni mimi Baba Mkubwa wako,
Walubengo


Nairobi
15/6/2024

Kwako Baba Mkubwa,

Salamu kwako na kwa Mama Mideva. Sisi hatujambo. Lynette ameingia darasa la sita, mdogo wake ameng'oka meno ya mbele na anaringa nayo, yaani na hilo pengo. Simu sikuikata, ilikatika. Sawa, niliikata. Ulikuwa umesema mama yangu anapenda vitu kuliko watu, na aliyebeba redio kabla hata sufuria za matanga hazijaoshwa si mama.

Kuhusu waya. Nimesimama nyuma ya kaunta hii miaka tisa na nitakwambia kitu ambacho wateja siwaambii. Wanakuja wakitaka waya wenye ncha za dhahabu, uliosukwa kama nywele za bibi harusi, na tunawauzia. Lakini waya hauongezi sauti. Kazi yake ni kutoipoteza njiani. Ukiwa mwembamba na mrefu, unakula besi na mwimbaji anakonda. Ukiwa wa shaba, mnene wa kutosha, mfupi wa kutosha, basi, umemaliza, hata ulipe bei ya ng'ombe hutasikia tofauti. Kinachoharibu redio nyingi ni viungo. Mtu amesokota waya kwa meno, umelegea, umegusa mwenzake. Kila spika inataka nyaya mbili zake yenyewe, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Usifupishe kazi.

Nimekutumia mita kumi za waya mzuri. Sitaki kitu. Nataka kaseti hiyo iimbe.

Tumepanga kumbukumbu ya baba tarehe 14 Desemba, nyumbani Moi's Bridge. Kaburi litakuwa limewekwa saruji. Nakala ya mama ya kaseti ya kwaya ililiwa na panya, za watu wengine zimeisha, hiyo iliyobaki ndani ya redio ndiyo ya mwisho. Lynette hajawahi kumsikia babu yake akiimba. Nataka amsikie hasa kwenye wimbo wa tatu, pale anapovuta pumzi na kuita "Piga, Mulongo, piga!" halafu gitaa linaingia. Tulikuwa tukipiga hiyo kelele uwanjani mpaka mama anatufukuza. Mzee Mulongo mwenyewe amekubali kuja, atasema machache juu ya kaseti hiyo.

Funga waya, kisha niambie.

Nasike


Langas
Tarehe 29 mwezi wa saba

Kwako Nasike,

Mulembe tena. Utasema nimekawia. Nilikuwa na mafua, kisha Mideva akawa na mafua, kisha karatasi ikaisha. Yule kuku alirudi, amenona, na hataki kusema alikuwa kwa nani. Mpongeze huyo wa pengo. Mimi nina mapengo manne na hakuna aliyenipongeza.

Waya wako ulifika. Ni mzuri, mzito, unang'aa, Kimeli aliupima kwa vidole akatingisha kichwa kama anayenunua ndama. Niliufunga siku hiyohiyo. Nyekundu kwa nyekundu, kama ulivyosema. Hakuna kilichobadilika. Baba yako bado hataki kuimba kwangu.

Mimi naona si waya. Naona kaseti yenyewe imezeeka, na sauti ya mwanadamu ndiyo hutangulia kwenda. Vyombo vina mbao, vina chuma, hivyo vinabaki. Gitaa kwa mfano linasikika wazi sana sasa. Kimeli alikuwa ameleta jembe akasimama mlangoni wimbo wa tatu wote, akauliza huyo anayepiga ni nani. Nikamwambia ni mtu fulani tu.

Kwa hivyo fanyeni kumbukumbu yenu bila kaseti. Mwiteni mtu aimbe, Wabukusu tumejaa waimbaji. Na huyo Mulongo mkimpa nafasi ya kusema machache, wekeni saa mezani.

Baba Mkubwa wako,
Walubengo


Nairobi
10/8/2024

Baba Mkubwa,

Salamu. Watoto wazima. Mama anasumbuliwa na kifua, kama unataka kujua.

Sauti ya mwanadamu haitangulii kwenda. Utepe wa kaseti haujui huyu ni mtu na hii ni mbao. Ukizeeka, unazeesha wote pamoja. Kama mngekuwa mmerekodi juu yake, gitaa lingepotea pia. Mtu mmoja akipotea katikati na walio kando wakabaki wazima, hiyo ni waya, na ningekuwa mjinga kukaa kaunta hii miaka tisa nisijue hivyo.

Nikuulize, na unijibu bila mzaha. Nyuma ya redio umeona mashimo manne? Umeingiza ncha nne? Kama hujui kufunga, Kimeli atakufungia, usione haya. Au uitume kaseti hapa, uifunge vizuri, nitaisikiliza dukani na kuihifadhi kwenye simu, kisha nikurudishie.

Na gitaa la Mzee Mulongo limekuwa wazi kweli? Angefurahi kusikia hivyo. Nitamwambia.

Nasike


Langas
Tarehe 4 mwezi wa tisa

Nasike,

Tuko salama.

Kaseti siitumi. Vitu hupotea kwenye basi. Redio hiyo baba yako alinipa mwenyewe kwa mdomo wake, na kilicho ndani ya redio ni cha redio.

Usimwambie Mulongo chochote.

Walubengo


Nairobi
28/9/2024

Kwako Baba Mkubwa,

Mwambie Mama Mideva pole ya goti. Nimeambiwa ameanza kutembea na fimbo, jambo ambalo wewe hukuandika.

Nimeambiwa na Kimeli. Namba yake uliniandikia wewe mwenyewe, nilimpigia. Mtu mzuri, hakutaka kusema, nilimbana. Waya niliokutumia unaanikiwa nguo. Umefungwa kutoka mlango wako hadi nguzo ya geti, mita kumi za shaba, na siku aliyopita ulikuwa na mashuka mawili na suruali yako ya kahawia.

Anasema nyuma ya redio kuna nyaya tatu za simu. Mbili zimeingia. Wa tatu unaning'inia. Sasa nimeelewa. Waya haukutosha ncha nne, ukaona spika zote mbili zishiriki waya mmoja wa kurudi, kama watu wanaoshiriki choo. Redio ingeimba hivyo hivyo, vibaya kidogo, lakini ingeimba. Huo wa tatu ukitoka, spika zinabaki kufanya kazi kwa kuvutana zenyewe kwa zenyewe. Kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta. Kilicho cha upande mmoja kinabaki. Studio humweka kiongozi katikati, pande zote sawa, ndiyo maana akapotea. Gitaa waliliweka kushoto, akina mama kulia, wakabaki.

Kimeli anasema aliona waya huo, akataka kuurudisha kwenye shimo lake, ni kazi ya kidole kimoja, ukamshika mkono. Ukamwambia, "Wacha hivyo."

Kwa hivyo baba hakupotea. Umemtoa.

Sikutaka kuandika hili. Baba alilazwa hospitali ya Plateau wiki tatu. Kutoka Langas unafika Plateau chai ya asubuhi bado ina joto tumboni. Kila mlango ukifunguliwa alikuwa akigeuza kichwa. Aliuliza, "Mkubwa hajafika?" mpaka nikaanza kusema uongo kwamba uko safarini. Hukuja. Ulikuja kuzika na kubeba redio. Na sasa umemnyamazisha hata kwenye kaseti, unakaa hapo unafurahia vyombo.

Alikukosea nini? Niambie mara moja ili tusiandikiane tena.

Nasike


Langas
Tarehe 25 mwezi wa kumi

Kwako Nasike, mama,

Nakusalimu. Sina habari ya kuku leo. Goti la Mideva limekuwa baya, ndiyo, sikuandika kwa sababu alinikataza, anaogopa mtaanza kuchanga.

Nimekaa na barua yako karibu mwezi mzima. Niliiweka chini ya godoro, kisha ndani ya debe la unga, Mideva akaipata, akaniambia nikiwa mwanamume nijibu. Basi najibu, na nikikosea mahali usinisahihishe kama mwalimu, mimi shule niliiona kwa dirisha.

Mwaka wa tisini na tisa kwaya yao ilipata siku moja ya studio. Mpiga gitaa wao alikuwa Mulongo, mwenyekiti, mtu wa tai. Alikuwa anajua kulishika. Kulipiga ni jambo lingine. Fundi wa studio alimsikiliza dakika mbili akavua ile mitambo ya masikio. Baba yako akatuma mtu anitafute. Nilikuwa busaani. Nilienda nilivyo, na harufu yangu. Mchungaji akasema mlevi hawezi kuwa kwenye kaseti ya Mungu. Baba yako akamwambia fundi anipe kiti kwenye kona, nikapiga nyimbo nane bila kurudia hata moja. Vidole havikuwa vimelewa, Nasike. Vile vidole havijawahi kulewa.

Wimbo wa tatu, pale mwanya wa gitaa. Unajua desturi yetu, kiongozi humtaja mpigaji kabla hajaingia, ndipo mpigaji anajua naye ni mtu. Nilimwona Joash akivuta pumzi. Akanitazama machoni, mimi ndugu yake, tumenyonya titi moja, akaita, "Piga, Mulongo, piga!" Na mimi nikapiga. Ungekuwa wewe ungefanya nini, uweke gitaa chini? Ningeweka chini, ingekuwa heshima yangu. Nilipiga vizuri kuliko siku zote, ndiyo inaniuma zaidi.

Nje aliniomba msamaha. Akasema mchungaji alikuwa amesimama kwenye kioo, hakuwa na njia, lakini kaseti ya pili atanitaja wa kwanza kabisa, kabla ya Yesu, alisema hivyo akicheka. Kaseti ya pili haikuwa. Kaseti ya kwanza ilichezwa harusini, kwenye maduka, kwenye matanga, Uasin Gishu hadi Kitale, na kila mahali watu waliimba Mulongo. Nilipowaambia ni mimi walicheka, redio yenyewe inasema Mulongo. Hata Mideva alinitazama vile mlevi hutazamwa, na singeweza kujitetea, mlevi nilikuwa. Wewe na ndugu zako mlikuwa mkipiga hiyo kelele kwenye uwanja wenu, nami nimekaa hapo nakunywa chai ya mama yako.

Plateau nilifika. Nilifika dirishani. Mulongo alikuwa amekaa kitandani na tai yake, ameshika mkono wa baba yako, wanaimba wimbo wa tatu polepole, na wagonjwa wanaitikia. Nikageuka. Ningejua ni siku ngapi zimebaki ningevunja dirisha. Sikujua. Hilo nalibeba mimi, usinisaidie kulibeba.

Na redio hakunipa. Nilitaka kaseti. Ilikuwa ndani, sikuweza kubonyeza na kuitoa mbele ya waombolezaji, nikabeba nyumba pamoja na mpangaji.

Huo waya wa tatu ulitoka wenyewe. Hilo nakuapia. Nilipokuandikia mwezi wa sita nilikuwa naogopa kweli. Kisha nikawa nasikiliza tu nikingoja mzigo wako, na siku moja wimbo wa tatu ukafika, mahali pale pakafika, na hakuna aliyeita Mulongo. Kimya kidogo. Halafu gitaa. Mideva akatoka jikoni na mwiko unadondosha mchuzi, akasimama, akaniuliza, "Huyo ni wewe?"

Miaka ishirini na mitano. Kwa sababu waya umelegea.

Waya wako ulipofika niliufunga kweli, mara moja. Baba yako akarudi chumbani kama ulivyosema, mnene, karibu, unaweza kusikia mate yake. Nikalia. Nikangoja wimbo wa tatu. Akavuta pumzi, akaita jina. Nikazima, nikaufungua waya, Mideva alikuwa anataka kamba ya nguo.

Haya. Kaseti ndiyo hii, ndani ya soksi, soksi ni safi. Mpeleke Lynette amsikie babu yake akiwa mzima, mwenye besi zake zote. Alikuwa mwimbaji, hilo hata nikiwa na chuki sikatai. Redio mama yako akiitaka atume mtu, ila aje na nyaya zake.

Tarehe 14 nitakuja kama goti la Mideva litaruhusu, na kama halitaruhusu nitakuja peke yangu. Nitakaa nyuma. Sitaki kupewa nafasi ya kusema, wala usikate chochote kwenye kaseti, ungekuwa unamkata baba yako. Nakuomba kitu kidogo tu, na si zawadi, ni deni la marehemu na wewe ndiye mtoto wake mkubwa. Wimbo wa tatu, baada ya akina mama kuitikia mara ya pili, atavuta pumzi. Utaisikia, anavuta kama mtu anayeingia maji baridi. Hapo shusha sauti kabisa, hesabu ya mbili tu. Sema jina langu, yote mawili, kwa nguvu ifike kule Mulongo amekaa. Halafu upandishe.

Eliakim Walubengo,
wa gitaa